Kupoza na Kupooza: Uchambuzi wa Mazungumzo ya Dakika Tisa kati ya Daktari na Mgonjwa

Kisa hiki kinahusu mazungumzo ya dakika 9 na sekunde 20 baina ya daktari na mgonjwa wa shinikizo la damu, yaliyorekodiwa kwa ridhaa ya mgonjwa ili yatumike katika mafunzo. Daktari huyo ni mimi. Mgonjwa ameniruhusu kukiandika, na kila jambo ambalo lingeweza kumtambulisha nimeliondoa au nimelibadilisha. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu siku ile hakuna aliyepandisha sauti wala aliyemdharau mwenzake, na mtu yeyote ambaye angekuwa ameketi nje ya mlango angeshuhudia kwamba mgonjwa alihudumiwa kwa heshima. Hata hivyo mgonjwa aliingia na jambo moja alilotaka kulisema, akalileta mara tatu, na mara zote tatu akatoka nalo kama alivyokuja nalo.

Hali ya mgonjwa kabla ya siku ile

Alikuwa mwanamume wa miaka 56, mwenye mke, asiyevuta sigara, na asiyejulikana kuwa na kisukari wala ugonjwa wa moyo. Alianzishiwa amlodipini, dawa ya kushusha presha, miligramu 5 kwa siku, na ilipoonekana kwamba haitoshi nikamwongezea haidroklorothiazidi miligramu 25, dawa inayousaidia mwili kutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Miezi miwili baada ya nyongeza hiyo presha yake ilikuwa 136 kwa 84, nami nikaandika kwenye faili kwamba dawa zinafanya kazi vizuri. Miezi mitatu baadaye alirudi, na hiyo ndiyo siku ya kisa hiki. Presha ilikuwa 168 kwa 102.

Nambari hizo zilipaswa kunifanya niulize swali moja tu: ni nini kilichobadilika katika miezi hiyo mitatu? Dawa iliyofanya kazi mwezi wa pili ikishindwa ghafla mwezi wa tano, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba haimezwi. Ninakumbuka kwamba wazo hilo lilinijia. Tatizo ni namna nilivyoligeuza kuwa maswali.

Mazungumzo yenyewe

Ninanukuu sehemu tatu za rekodi. Ya kwanza ni mwanzo kabisa.

Mimi: Shikamoo, mzee.
Mgonjwa: Marahaba, daktari.
Mimi: Habari za tangu tulipoonana?
Mgonjwa: Nzuri tu. Nzuri. Ila mwili huu...
Mimi: Lete huo mkono tupime presha kwanza.

(Kimya cha kupima.)

Mimi: Leo imepanda sana, mzee wangu. 168 kwa 102. Dawa unameza, siyo?
Mgonjwa: Nameza.
Mimi: Zote mbili?
Mgonjwa: Nameza, daktari.
Mimi: Hujaruka siku?
Mgonjwa: Ndiyo.
Mimi: Vizuri. Chumvi je, umepunguza?

Sehemu ya pili inatoka dakika ya tano, nilipokuwa nikiuliza kuhusu mwenendo wa maisha yake.

Mimi: Usingizi unapata?
Mgonjwa: Usingizi napata. Nyumbani tu ndiyo hakuko kama zamani.
Mimi: Msongo wa mawazo nao hupandisha presha. Jitahidi kupumzika. Mazoezi unafanya?

Ya tatu ni ya mwisho. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia dawa ya tatu, enalaprili miligramu 5, na nimekwisha kumweleza namna ya kuitumia.

Mimi: Huna swali jingine, sivyo?
Mgonjwa: Sina, daktari. Asante.

(Kiti kinasogezwa. Mlango unafunguliwa.)

Mgonjwa: Hivi daktari, hizi dawa zinaweza kumpoza mtu?
Mimi: Hapana, mzee, usiogope. Dawa ndizo zinazokukinga usipooze. Ukiziacha ndipo hatari ya kupooza inapokuja.
Mgonjwa: Aa. Haya.

Siku mbili baadaye nilikaa na wenzangu wawili kuisikiliza rekodi hiyo. Tulipofika mwisho, mmoja wao aliomba turudishe nyuma. Tulisikiliza mara mbili, kisha akasema, «Hakusema kupooza. Amesema kupoza.» Tofauti ya maneno hayo mawili ni urefu wa irabu moja. Kupooza ni kupoteza nguvu za viungo kwa maradhi, jambo ambalo kila mgonjwa wa presha amelisikia likitajwa na analiogopa. Kupoza ni kukifanya chenye joto kipoe, na mtu mzima anaposema kwa sauti ya chini kwamba mwili umepoa, huku akishika kitasa cha mlango, anazungumzia nguvu za kiume.

Sarufi yenyewe ilipaswa kunishtua. Dawa humpoozesha mtu, haimpoozi. Lakini sikio lililokwisha kujiandaa kusikia neno fulani halikagui sarufi, hulisikia neno lile lililokuwa likingojewa. Nilijibu swali ambalo halikuulizwa, na nililijibu kwa uhakika wa kiasi kwamba mgonjwa hakuwa na nafasi ya kunisahihisha.

Je, mgonjwa alidanganya?

Mwenzangu wa pili alisema hivyo, na ninajua kwamba madaktari wengi wangesema hivyo hivyo, kwa kuwa mgonjwa aliulizwa waziwazi kama anameza dawa naye akajibu kwamba anameza. Sikubaliani naye, na hapa ndipo ninapoomba msomaji ayatazame majibu yale neno kwa neno.

Nilipouliza «Dawa unameza, siyo?» nilikuwa nimekwisha kujijibu. Neno «siyo» mwishoni mwa swali humwomba msikilizaji athibitishe, halimwombi aeleze. Ili ajibu tofauti, mgonjwa angelazimika kwanza kunipinga, tena mwanzoni mwa mazungumzo, mbele ya mtu mwenye kalamu na faili. Alijibu «Nameza», na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu amlodipini hakuiacha hata siku moja. Nilipouliza «Zote mbili?» hakusema «zote mbili». Alirudia lile lile la kwanza, «Nameza, daktari.» Mtu aliyetaka kudanganya angekuwa na neno jepesi la kutumia, nalo hakulitumia.

Swali la tatu ndilo baya kuliko yote. «Hujaruka siku?» ni swali lililojengwa juu ya ukanushi, na katika Kiswahili jibu la «ndiyo» kwa swali la namna hiyo lina nyuso mbili. Wengi wetu tunapojibu hivyo tunamaanisha «ndiyo, ni kama unavyosema, sijaruka», lakini wapo wanaomaanisha «ndiyo, nimeruka», na katika mazungumzo ya kawaida tunaelewana kwa sababu mmoja wetu huongeza sentensi. Mimi sikumpa nafasi ya kuongeza sentensi. Nilisema «Vizuri» na nikahamia kwenye chumvi. Baadaye nilipomuuliza alikusudia nini, alinijibu: «Nilisema ndiyo, nikangoja uulize tena.»

Kwa hiyo kwenye faili niliandika kwamba mgonjwa anatumia dawa zote kikamilifu. Sentensi hiyo haikutoka kinywani mwake. Niliitunga mimi kutokana na maneno manne yake, kisha nikaongeza dawa ya tatu juu yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya 2003 kwamba hata katika nchi tajiri karibu nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu ndio wanaofuata matibabu yao. Kama hali ni hiyo, daktari anayeuliza swali linalodhania kwamba kila mtu anameza anauliza kinyume na anavyojua.

Sekunde za mwanzo

«Ila mwili huu...» Nilipima kwenye rekodi: tangu alipoanza kujibu salamu yangu hadi nilipomwomba mkono zilipita sekunde 6. Neno «ila» katika lugha yetu ni kama mlango unaofunguliwa. Anayelisema ametangaza kwamba lililotangulia lilikuwa la adabu na linalofuata ndilo lenyewe. Salamu ya «habari» hudai jibu la «nzuri» hata kutoka kwa mtu mwenye homa, na kwa sababu hiyo daktari anayeianza kazi yake kwa salamu hiyo anapaswa kujua kwamba bado hajauliza chochote. Swali la kitabibu linapaswa kuja baada yake, likiwa limesimama peke yake.

Jambo hili lina historia ndefu ya utafiti. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel wa Marekani walichambua ziara 74 za wagonjwa kwa madaktari, wakakuta kwamba mgonjwa alikatizwa kwa wastani baada ya sekunde 18, na kwamba ni katika asilimia 23 tu ya ziara hizo ambapo mgonjwa alimaliza maelezo yake ya mwanzo. Sababu inayotolewa siku zote ni muda: wakiachwa waseme, hawatanyamaza. Lakini katika kliniki moja ya Basel, Uswisi, madaktari walipotakiwa kusikiliza bila kukatiza, wagonjwa 335 walizungumza kwa wastani wa sekunde 92, na asilimia 78 kati yao walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Mimi pia nilikuwa na foleni ndefu nje ya mlango siku ile, na sitaki kuidharau sababu hiyo, kwa maana foleni ni watu. Ninachosema ni kwamba sekunde nilizoziokoa mwanzoni nilizilipa kwa ziara nzima ya ziada, kwa dawa ya tatu, na kwa siku ambazo presha ya mtu huyu iliendelea kuwa juu bila sababu.

Jina nililolipa jambo lake

Sehemu ya pili ya rekodi inanisumbua zaidi ya ile ya mlangoni, kwa kuwa mlangoni nilikosea kusikia, ilhali hapa nilisikia vizuri kabisa. Alisema nyumbani hakuko kama zamani. Nililipokea neno hilo, nikalibadilisha kuwa «msongo wa mawazo», nikalipatia ushauri, na nikaendelea na orodha. Yote hayo yalifanyika bila mimi kuuliza «Hakuko vipi?»

Elliot Mishler, aliyeandika juu ya mazungumzo ya kitabibu katika miaka ya 1980, alitofautisha sauti mbili ndani ya chumba cha daktari: sauti ya tiba, inayopanga mambo kwa dalili, vipimo na tarehe, na sauti ya maisha, inayoyaeleza mambo yale yale jinsi mtu anavyoishi nayo. Alionyesha jinsi ya kwanza inavyoidakia ya pili kila inapojitokeza. Nilikuwa nimesoma habari hizo, na bado nilifanya hivyo hivyo. Kulijua jambo kwa kusoma ni kitu kimoja. Kuwa na swali lake tayari mdomoni, saa tano asubuhi, mbele ya mgonjwa wa kumi na moja, ni kitu kingine.

Tuongeze na hili: mimi ni mwanamke wa miaka 33. Mgonjwa huyu ana watoto wa umri wangu. Nilimwamkia, nikamwita mzee wangu, na heshima hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilimweka mahali ambapo mambo ya chumbani hayasemeki waziwazi. Wajibu wa kuufungua mlango huo haukuwa wake hata kidogo. Nilikuwa nimemwandikia haidroklorothiazidi, dawa ya kundi la thiazidi, ambayo miongoni mwa maudhi yake yanayojulikana ni kupungua kwa nguvu za kiume kwa baadhi ya wanaume, na sikumwambia siku nilipomwanzishia wala sikumuuliza baadaye.

Sikumwambia kwa sababu niliyoiona kuwa nzuri: hofu ya kumtia wazo kichwani. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2003 watafiti wa Italia waliwapa atenololi, dawa ya presha na moyo, wanaume 96 wenye maradhi ya moyo na mishipa ambao hawakuwa na tatizo hili. Kati ya wale wasiojua wanakunywa dawa gani, asilimia 3.1 walilalamika, kati ya waliotajiwa jina la dawa, asilimia 15.6, na kati ya walioelezwa pia kwamba inaweza kuleta tatizo hilo, asilimia 31.2. Maneno ya daktari yana nguvu ya kuumiza. Lakini kutoka hapo hadi kunyamaza moja kwa moja kuna hatua niliyoiruka. Kutomtajia mtu maudhi siku ya kwanza kunaweza kuwa na hoja. Kutomuuliza miezi mitano baadaye, presha ikiwa imepanda na yeye akisema mwili na nyumba si kama zamani, hakuna hoja.

Swali la kufungia

«Huna swali jingine, sivyo?» Ukanushi mwanzoni na ukanushi mwishoni. Mgonjwa akijibu kwamba analo, atakuwa amempinga daktari mara mbili katika neno moja.

John Heritage na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio dogo lenye matokeo makubwa. Madaktari waliokwisha kusikia shida ya kwanza ya mgonjwa waliuliza kama kuna jambo jingine, baadhi kwa neno la Kiingereza linaloelekeza kwenye jibu la ndiyo, wengine kwa neno linaloelekeza kwenye hapana. Swali la aina ya kwanza lilipunguza kwa asilimia 78 matatizo ambayo wagonjwa wenye zaidi ya jambo moja waliondoka bila kuyataja. La aina ya pili halikuwa na tofauti ya maana na kutouliza kabisa. Maneno yale ni ya Kiingereza na hayahamishiki yalivyo, lakini Kiswahili kina mwelekeo huo huo, tena kwa uwazi zaidi, kwa sababu ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi chenyewe. «Hakuna jingine?» humwonyesha mtu njia ya kutokea. «Kuna jambo gani jingine ulilotaka tulizungumze leo?» humwambia kwamba nafasi ipo na inamngoja. Na swali hili halifai kuachwa hadi mgonjwa amekwisha kusimama. Mahali pake ni mwanzoni, kabla ya kipimo chochote.

Ziara ya marudio

Nilimpigia simu nikamwomba arudi baada ya siku tatu badala ya mwezi mmoja. Alikubali turekodi tena. Safari hii faili lilikuwa limefungwa, na mashine ya presha ilibaki mezani.

Nilimwambia hivi: «Mzee, siku ile ulianza kuniambia habari za mwili wako, nikakukatiza. Kisha mlangoni ukaniuliza kama dawa zinaweza kumpoza mtu, nikajibu kitu kingine. Nimekuita nisikilize. Wanaume wengi wanaotumia dawa hizi huona mabadiliko katika mambo ya unyumba, na wengine huamua kuacha mojawapo. Kwako imekuwaje?»

Kwenye rekodi kuna kimya cha sekunde 9. Ni kirefu sana ukiwa ndani yake. Nilizuia ulimi wangu mara mbili. Kisha alizungumza kwa dakika 1 na sekunde 40, nami sikusema neno zaidi ya «mm».

Alieleza kwamba majuma machache baada ya kuongezewa dawa ya pili aliona mwili haumwitikii. Alingoja, akidhani ni uchovu. Baada ya ziara ile ambayo presha ilikuwa nzuri aliacha kidonge kile kimoja, na tangu hapo amekuwa akikichukua kwenye dirisha la dawa kila mwezi na kukiweka ndani ya mfuko wa koti, ili asionekane kwamba hakitaki. Hali haikurudi kama zamani hata baada ya kuacha, na mke wake alikuwa ameanza kuamini kwamba ana mwanamke mwingine. Akamaliza kwa kusema: «Wewe ni kama binti yangu. Nisingeweza kulianza mimi.»

Maelezo hayo yalibadilisha picha ya ugonjwa wenyewe, na hili ndilo ninalotaka wanafunzi wa udaktari walione, kwa sababu wengi hudhani mazungumzo mazuri ni suala la upole tu. Kama tatizo liliendelea baada ya dawa kuachwa, basi dawa huenda haikuwa sababu, au haikuwa sababu pekee. Shinikizo la damu lenyewe huharibu mishipa, kisukari huiharibu zaidi, na kwa kuwa mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kupungua kwa nguvu za kiume kunaweza kutangulia kwa miaka dalili za maradhi ya moyo. Neno alilolisema mlangoni, ambalo nililijibu kwa kumliwaza, lilikuwa dalili yenye uzito, na lilinidai vipimo.

Nilimuuliza kuhusu maumivu ya kifua na pumzi anapopanda ngazi, hakuwa nayo. Nilimpima sukari, mafuta ya damu, figo na potasiamu. Sukari yake ilikuwa imepanda juu ya kiwango cha kawaida bila kufikia kisukari. Tuliondoa rasmi haidroklorothiazidi, tukaendelea na amlodipini na enalaprili, ambayo kwa kawaida haihusishwi na tatizo hili, na nikamweleza kwamba akipata kikohozi kikavu kisichokoma aniambie badala ya kuacha mwenyewe. Alikiri pia kwamba alikuwa amefikiria kununua vidonge vya kuongeza nguvu bila kumwambia mtu. Nilimweleza kwamba dawa hizo zikikutana na dawa za moyo za kundi la nitrati presha inaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha, na kwamba akizihitaji tutazipanga pamoja.

Mwishoni nilimwomba anieleze kwa maneno yake mwenyewe tumekubaliana nini, nikimwambia kwamba nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Alisahau kipimo cha damu cha marudio. Nikakirudia, na safari hii nikamwandikia tarehe yake kwenye karatasi. Ziara yote ilichukua dakika 14.

Baada ya miezi miwili presha ilikuwa 138 kwa 86. Kuhusu lile jingine alisema ni afadhali, ingawa si kama zamani, na alilisema akiwa ameketi, kabla sijauliza. Alipofika mlangoni alisimama tena, akageuka, akauliza kama inaruhusiwa mara ijayo kuja na mke wake ili naye alisikie jambo hili kutoka kwangu. Nilifungua daftari la miadi na kuwapangia dakika 30.